Habari ya Chini Kabisa

Mtu alikuwa amechana pembe ya chini ya tangazo. Huenda hakuwa na nia mbaya. Alihitaji kipande cha karatasi cha kuandikia namba ya simu, akakiona pale ubaoni, nje ya mlango wa maktaba ya chuo cha uuguzi, akakivuta. Karatasi iliyosalia ilining'inia kwa pini mbili, na herufi zake nene zilikuwa bado zinachangamka: HABARI ZA MAKTABA. Viti vipya vimewasili. Kompyuta za ghorofani sasa zinafungua majarida ya tiba bila nywila. Saa za kusoma zimeongezwa hadi mitihani iishe. Palipokuwa na habari ya mwisho palibaki ubao mtupu.

Mkutubi alisimama pale, funguo mkononi. Wanafunzi waliokuwa wakiwahi vipindi vya asubuhi walimpita wakishusha sauti, kama walivyozoea. Walimwita Bi Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti wala kumwona akikimbia. Yeye mwenyewe jina hilo alilijua, na kwa siri lilimfurahisha.

Habari iliyochanwa aliikumbuka neno kwa neno. Wachapishaji wa kitabu cha dawa za watoto, kile chenye jalada la kijani, walikuwa wameomba radhi: katika jedwali la dawa ya degedege, penye tatu pamechapwa nane. Wasomaji walitakiwa kurekebisha nakala zao.

Alipoandika rasimu ya tangazo hilo, aliiweka habari hiyo juu kabisa. Mkuu wa chuo, ambaye hakuruhusu karatasi yoyote ibandikwe kabla hajaipitia, aliizungushia duara na kuishusha chini kwa mshale mrefu. "Tuanze na viti," alisema. "Watu wafurahi kwanza. Hii nyingine ni ya wenye fani yao, wataiona tu." Mkutubi hakubishana. Miaka yote alikuwa mtu wa kumeza maneno, na yaliyokwama kooni aliyasukuma kwa chai. Alirudi maktaba, akazibandika nakala za rafuni karatasi ya masahihisho kwa mkono wake, akahesabu kwamba kazi imekwisha.

Sasa aliingia ndani kwa haraka isiyo ya kawaida yake. Msaidizi wake, ambaye kila mtu alimwita Fundi Gundi kwa namna alivyoweza kufufua kitabu kilichotawanyika kurasa, alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati.

"Vile vya kijani," mkutubi alisema. "Vyote viko ndani?"

"Vyote, dada. Isipokuwa alicho nacho Kasuku."

Kasuku alikuwa msichana wa mwaka wa pili, aliyepata jina hilo kwa kukariri masomo kwa sauti kati ya rafu hadi wenzake wakamfukuza.

"Alikichukua lini?"

"Kabla hata wachapishaji hawajatuandikia. Mimi nilimtumia ujumbe akirudishe." Fundi Gundi akacheka kidogo. "Lakini vijana hawa na ujumbe wa maktaba, si unawajua?"

"Na yeye yuko wapi sasa?"

Kicheko kilimtoka msaidizi usoni taratibu. "Yuko kwenye mazoezi ya kazi. Wodi ya watoto."

Mkutubi alinyanyua simu ya mezani, akapiga wodini. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Simu ya msichana mwenyewe ilikuwa imezimwa. Wanafunzi hawakuruhusiwa kuwa nazo karibu na vitanda.

"Dada, usijitie presha," Fundi Gundi alisema kwa upole. "Wewe ulitangaza. Hata kukitokea lolote, utasema ulitangaza, na karatasi ilikuwepo."

Maneno hayo yalimpokea kama kiti laini. Kwa kitambo kifupi aliketi juu yake. Ni kweli, alikuwa ametangaza. Kisha akajiuliza angemwambia nani maneno hayo, na huyo mtu angekuwa analia kwa sababu gani, na miguu yake ikaanza kwenda kabla hajaiamuru.

Hospitali ilikuwa upande wa pili wa barabara, nyuma ya karakana ya magari. Alivuka bila kungoja magari yapungue. Dereva mmoja akampigia honi na kumtolea maneno. Viatu vyake vya ofisini vilimponyoka kisigino kila hatua, akavivua, akavishika mkononi. Wanafunzi wawili waliokuwa wakitoka zamu ya usiku walisimama kando ya njia wakimtazama Bi Taratibu akiwapita pekupeku, na hawakuthubutu hata kumsalimu.

Langoni mwa wodi, mlinzi aliunyoosha mkono wake kama mti wa kizuizi.

"Muda wa kuona wagonjwa bado, mama. Rudi saa ya chakula."

"Mimi natoka chuoni, maktaba."

"Maktaba?" Mlinzi alimtazama kutoka nywele hadi nyayo. "Hapa watu wanaumwa, mama. Vitabu baadaye."

Kwa mazoea, mkutubi alifungua kinywa aombe kwa adabu, aeleze alivyo na shida, asubiri aitwe. Ndani, mahali fulani nyuma ya milango ile ya kioo cha ukungu, mtu alisema, "Mbona halii?"

"Nipishe!" alipiga kelele. Sauti ilikuwa nene na yenye mikwaruzo, hakuitambua. Mlinzi alishusha mkono kwa mshangao zaidi kuliko kwa ridhaa, naye akapita. "Dawa ya degedege! Msitoe! Kitabu kimekosewa! Msimpe mtoto yeyote!"

Wodi nzima iligeuka. Kina mama walikumbatia watoto wao. Muuguzi kiongozi, ambaye wote walimwita Sista, mwanamke mpana mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alikuwa ameinama juu ya kitanda cha dirishani. Kando yake alisimama Kasuku, bomba tupu la sindano mkononi.

"Kimekosewa vipi?" Sista aliuliza bila kuinua kichwa.

"Jedwali. Si nane. Ni tatu."

Hakuna aliyelaumu, hakuna aliyeuliza la pili. Sista alimgusa mtoto kifuani, akainamisha shavu lake karibu na pua yake ndogo, kisha akasema kwa sauti kavu, "Mfuko wa kumpumulia. Daktari aitwe. Kasuku, oksijeni. Sasa hivi, mwanangu, utalia baadaye."

Mtoto alikuwa wa kiume, bado hajatimiza mwaka, amevaa soksi za rangi mbili tofauti. Degedege lilikuwa limemwachia, lakini lilikuwa limeondoka na kitu kingine. Kifua chake kilipanda, kikatua, kikakaa. Sista alimfunika kinywa na pua kwa barakoa na kuanza kuubana ule mfuko wa mpira, taratibu, akihesabu kwa midomo. Daktari alifika akikimbia, akaambiwa kwa sentensi moja, akachukua nafasi ya Sista. Mama wa mtoto, aliyekuwa ameenda kuchota maji ya kunywa, alirudi akiwa na chupa mkononi, akakuta migongo ya watu imekizunguka kitanda cha mwanawe. Alisukumwa nyuma kwa upole. Chupa ilimponyoka, na maji yakatiririka chini ya vitanda bila mtu kuyafuta.

Mkutubi alijibana ukutani, viatu bado viko mkononi. Kasuku alikuja akasimama karibu naye.

"Nilisoma mara mbili, mama," alinong'ona. "Nikamwonyesha Sista. Alikuwa amemshika mtoto mwingine anayetapika, akatazama, akasema sawa. Imeandikwa nane. Wallahi imeandikwa nane."

"Najua," mkutubi alisema. "Ulisoma vizuri."

Msichana akajifunika uso.

Simu ya mkutubi ilitikisika mfukoni. Alikuwa mkuu wa chuo. Habari zilikuwa zimekwisha kuvuka barabara. "Nisikilize," alisema bila salamu. "Usiongee na jamaa za mgonjwa. Ukibanwa, sema sisi tulitangaza. Umenielewa? Tulitangaza." Mkutubi alitazama mgongo wa daktari, kiwiko chake kikipanda na kushuka. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alimkatia simu mkubwa wake.

Muda ulisimama ukakataa kusogea. Katika wodi yote, hata watoto waliokuwa wakilia walikuwa wamenyamaza, na sauti pekee ilikuwa ya mfuko ule ukivuta na kutoa. Mkutubi alikuwa ameupenda ukimya maisha yake yote, ameulinda kwa kidole mdomoni na jicho kali juu ya miwani. Huu ulimtisha. Alijikuta akiomba kelele, kelele yoyote.

Daktari aliinua mkono. Mfuko ukasimama. Wote walitazama kifua kidogo kile. Kilikaa. Kikakaa. Kisha kikapanda chenyewe, kwa kukwama, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Kikashuka, kikapanda tena. Mtoto akakohoa, akakunja uso, na kilio chembamba kikatoka.

"Tutamwangalia mpaka jioni," daktari alisema, akijifuta jasho kwa mkono wa koti. "Msimwache hata dakika. Mngechelewa kumtazama, angelala moja kwa moja."

Sista aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Alipompita mkutubi baadaye, alimbana bega. "Mama yake tutamweleza kesho," alisema chini chini. "Daktari aandike ripoti kwanza. Leo aache moyo utulie." Huenda alisema kwa huruma. Huenda alijisemea mwenyewe.

Mama wa mtoto alikuwa ameruhusiwa kukaa. Alikuwa binti tu, kitenge kimemlowa miguuni kwa yale maji yaliyomwagika. Alikuwa ameushika mguu wa mwanawe wenye soksi ya njano, hauachi. Aliinua macho, akamwona yule mwanamke wa pekupeku aliyesimama ukutani muda wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Walisema umeingia ukipiga kelele. Wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ni wa maktaba, pale chuoni."

Binti alikunja uso, akijaribu kuunganisha. "Wa vitabu?"

"Wa vitabu."

"Sasa mtu wa vitabu alimfuata nini mwanangu?"

Ng'ambo ya wodi, Sista aliacha kuandika. Kasuku, aliyekuwa akikausha sakafu, alisimama na tambara mkononi. Mkutubi aliweka viatu chini, akavuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia kugusana na ya yule binti, akaketi.

"Nilikuwa na habari yake," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Nimechelewa kuileta."