Aliyetusemea

Kuku aliletwa akiwa amekwisha kupikwa, ndani ya hotipoti ya bluu iliyofungwa kwa kitenge, na Tabita aliyemleta alikuwa akitabasamu. Alipita katikati ya magunia ya mchele bila kugusa hata moja, akaitua hotipoti juu ya mizani ya Ikram, sindano ikaruka. Kisha akafungua fundo la kitenge taratibu, na harufu ya tangawizi ikajaa kibandani.

"Nimemchinjisha kwa Twaibu wa bodaboda," alisema. "Kwa hiyo kula bila wasiwasi, mwenyekiti. Mambo ya dini yenu nimeyazingatia."

"Kuku wa nini tena, dada Tabita?"

"Wa asante. Tumekaa akina mama wote tukasema, jamani, Ikram alitusemea. Kwamba walikataa, hilo ni lao. Lakini mtu akikusemea mbele ya wakubwa, humwachi hivi hivi."

Ikram alifunika hotipoti haraka, kana kwamba ndani yake kulikuwa na kitu cha aibu. Alitamani kusema ukweli, akasema jambo jingine kabisa. "Karibu basi tule wote," alisema. Tabita alikataa, alikuwa na sufuria jikoni, na jiko lake siku hizi lilikuwa mbali. Alipoondoka, Ikram alikaa juu ya gunia akiitazama ile hotipoti, na hakuwa na njaa. Wapo watu ambao ukiwakosea hukutukana mpaka jirani wakasikia, mambo yakaisha, mkasalimiana tena. Tabita hakumpa nafasi hiyo.

Ikram alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake wauza mchele wa Tunduma. Mwenyeji wa Kondoa, alikuja mjini hapa akimfuata mumewe Sufiani, ambaye alikuwa na lori lake moja na maneno mengi. Biashara aliijulia hapa hapa, miongoni mwa wanawake walioshusha mchele kutoka Msangano na Kamsamba na kuwauzia Wazambia waliovuka kutoka Nakonde. Walimchagua kwa sababu alijua kuongea. Hata wasiompenda walikiri kwamba Ikram akisimama, ofisa huweka kalamu chini.

Mwaka uliotangulia alipelekwa semina Mbeya, iliyofadhiliwa na shirika moja la Kimarekani. Mwezeshaji, mama mrefu mwenye sauti ya upole, alieleza kupitia mkalimani jinsi mambo yanavyokwenda kwao. Kule, alisema, hata wakulima wa karanga wana ofisi yao mjini Washington, na ofisi hiyo ina watu ambao kazi yao ni kuvaa vizuri na kupiga hodi kwa wabunge na wakuu wa idara. Vyama vyote viwili vikubwa huwafungulia mlango, maana uchaguzi hauko mbali kamwe. Habari hiyo ilimpendeza sana Ikram. Taifa kubwa kiasi kile, lenye kupeleka watu mwezini, kumbe nalo mambo yake yalikwenda kwa hodi hodi.

Aliondoka na fundisho moja, akalirudia nyumbani mpaka Sufiani akalichoka: ukiingia kwa mkubwa, omba jambo moja. Ukiomba mawili, unamrahisishia kukunyima yote. Mkulima mmoja wa kahawa kutoka kata ya Ruanda alikuwa amenyoosha mkono siku ile, akauliza, "Na wale wasio na ofisi, nani huwapigia hodi?" Mwezeshaji alisema hilo ni swali zuri sana, kisha ikaletwa chai.

Haukupita muda mrefu, ikaundwa Kamati ya Maegesho. Foleni ya malori yaliyosubiri kuvuka mpaka ilikuwa imeuziba mji, na kamati ilipewa kazi ya kupanga nani akae wapi. Wauza mchele walitaka banda lenye paa kando ya barabara. Mama lishe, ambao Tabita alikuwa kiongozi wao, walitaka tu waachwe walipo, ubavuni mwa foleni, ambako dereva angeweza kula huku jicho lake likiwa kwenye lori. Makundi hayo mawili yalikubaliana kwenda pamoja kwenye mkutano wa wadau, na yeyote asiende kwa mlango wa nyuma.

Mkutano ulipokaribia, kaka yake Tabita akafariki Msangano. Tabita alipitia kwa Ikram asubuhi, mfuko wa nguo mkononi, macho yamevimba.

"Mdogo wangu, mimi naenda kuzika. Wenzangu unawajua, mbele za watu wanaishia kuinamisha vichwa. Sisi tunachotaka ni kidogo. Wakisema tusogee nyuma ya mtaro, tutasogea. Wakisema tubadilishe majiko, tutabadilisha. Wasituondoe tu. Utatusemea?"

"Nitasema, dada. Nenda ukazike."

Na wakati ule alimaanisha. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote, kwamba ahadi yake ilikuwa ya kweli alipoitoa.

Mama lishe hawakutuma mtu mwingine mkutanoni, na Ikram aliongea vizuri kuliko alivyowahi kuongea. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Anyitike, alikuwa mtu mpole mwenye kupenda utaratibu, asiyepaza sauti wala kukatiza mtu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema banda la mchele ni wazo lisilo na ubaya, na kwamba wangelirudia kabla ya kufunga kikao ili walipitishe. Kisha akaingia kwenye jambo lililofuata. Majiko ya mkaa karibu na magari ya mafuta ni hatari, alisema, na pendekezo lilikuwa mama lishe wahamie kwenye uwanja ulio nyuma ya mnada.

"Mama lishe wana msemaji wao hapa?" aliuliza.

Ikram aliuhisi ulimi wake ukisogea. Banda lilikuwa bado halijapitishwa. Alimwona Bwana Anyitike akiwa amekwisha kuitikia jambo lake moja, kalamu iko tayari, uso mkunjufu, na akaona jinsi uso ule ungeweza kubadilika kama angesimama tena kuomba la pili, tena la watu wengine. Akasema moyoni, asubiri kidogo.

"Hakuna mwenye la kusema kwa niaba yao?" Anyitike aliuliza tena, akazungusha macho ukumbi mzima, na kwa haki kabisa akangoja.

Ikram aliinama, akafungua mkoba wake, akaanza kutafuta humo kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

"Basi tutachukulia kwamba wameridhia," alisema Anyitike.

Hakuna aliyehongwa siku ile. Hakuna aliyetishwa, wala aliyedanganya. Kila kitu kilifuata utaratibu, na ndiyo maana Ikram hakumpata mtu mwingine wa kumlaumu, ingawa alimtafuta kwa bidii.

Tabita aliporudi na kichwa kilichonyolewa kwa msiba, aliuliza swali moja tu. "Walikataa?"

"Walikuwa wamekwisha kuamua, dada," Ikram alijibu, na Tabita akaitikia kwa kichwa, akaenda kung'oa maturubai yake.

Nyuma ya mnada hapakuwa na wateja. Dereva aliye kwenye foleni haachi lori lake akatembee kutafuta ugali. Akirudi atakuta amepitwa, au turubai limechanwa. Kwa hiyo wanawake walibeba chakula kichwani, jua likiwa kali, wakapita gari hadi gari. Madereva wa Kizambia waliomzoea Tabita walimwita "bamayo", mama, wakamlalamikia kwamba samaki sasa wanafika wamepoa. Tabita aliwatania, akawaambia lori zao nazo zimepoa. Lakini wenzake wawili waliacha biashara, mmoja akarudi kijijini kulima, na Tabita mwenyewe alianza kuchechemea mguu wa kushoto.

Ikram alikuwa chini ya paa jipya, kivulini, akiwaona wakipita. Alianza kumpimia Tabita mchele kwa kuzidisha, mkono ukimimina hata baada ya sindano kufika. Alituma watu wakanunue chakula kwake. Wema wote huo ulimharibia zaidi, kwa sababu Tabita aliuchukua kuwa ushahidi mwingine kwamba Ikram ni mtu wa watu, na mwisho wake ndio akaletewa yule kuku. Jioni ile alimpakulia Sufiani. Sufiani alisifu mapishi, akaguguna mifupa, akauliza mbona yeye hali.

"Hawa akina mama nimewakosea," Ikram alisema.

"Umewakosea nini? Wewe ni wa mchele. Kila mtu na mzigo wake." Sufiani alipangusa vidole. "Ungewasemea, banda ungelipata?"

Ikram hakujua, na hata leo hajui. Huenda Anyitike angekubali yote mawili. Huenda angewaacha mama lishe wakasogea nyuma ya mtaro, na mambo yote yakaisha kwa maneno machache ya mwanamke mmoja.

Uchaguzi wa mwaka 2015 ulipokaribia, chama kilianza kupiga hodi kwa wenye makundi. Walikuja kwa Ikram, wakakaa juu ya magunia, wakamwomba agombee udiwani wa viti maalumu. Hawakuficha sababu. Wauza mchele walikuwa wengi, na mama lishe nao walisemekana kumpenda. Alitaka kukataa. Kisha akajiambia kwamba akiwa diwani angeweza kuwarudisha akina Tabita barabarani, na hapo kosa lingefutika lenyewe bila mtu kulijua. Alijua kwamba wazo hilo lilimfaa yeye kuliko lilivyomfaa Tabita, lakini akalishika hivyo hivyo.

Tabita, ambaye alikuwa mjumbe kutoka tawi lake, alimpigia kampeni bila kuombwa. Alipita kwa wajumbe wenzake na mguu wake ule mbovu, kabla ya kupika na baada ya kupika. "Huyu ndiye aliyetusemea," aliwaambia. Mara mbili Ikram aliamua kumfuata amwambie ukweli, na mara zote mbili alifika, akapewa kigoda, akauliza hali ya mguu, akaondoka.

Siku ya kura za maoni, ukumbi ulijaa kanga na vitenge vya chama. Mpinzani wa Ikram, mwalimu mstaafu aitwaye Priska, alianza, akaorodhesha mazuri yake mpaka wajumbe wakapiga miayo. Ikram alifuata, akasema machache. Utaratibu uliruhusu swali moja kwa kila mgombea, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Tabita. Msimamizi alimruhusu asimame.

"Mimi siulizi kwa ubaya," Tabita alisema, uso umemng'aa. "Nataka awaambie wajumbe maneno aliyotusemea sisi mama lishe siku ya mkutano wa kamati. Mimi sikuwepo, nilikuwa nazika. Ningependa na mimi niyasikie."

Ilikuwa zawadi, na kila mtu ukumbini aliiona kuwa zawadi. Ikram alishika kipaza sauti. Maneno alikuwa nayo. Tangu siku ile alikuwa akiyasema moyoni karibu kila alipoona sufuria ikipita mbele ya banda: habari za mtaro, habari za majiko, habari za dereva asiyeweza kuacha lori. Yalikuwa maneno mazuri, yaliyopangika, na kila alipoyarudia yalizidi kuwa mazuri. Angeyatoa pale pale, ukumbi ungelipuka.

"Sikusema kitu, dada," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Mimi siku ile sikusema kitu."

Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akacheka kwa furaha. "Jamani, mnyenyekevu huyu!" Asubuhi nzima walikuwa wamesikiliza watu wakijisifu, na sasa huyu anasifiwa, anakataa sifa. Kigelegele kimoja kikaamsha vingine, makofi yakafuata, wengine wakasimama. Msimamizi akacheka naye, akanyoosha mkono kuomba kipaza sauti.

Kilikuwa bado mikononi mwa Ikram. Angeweza kukisogeza mdomoni, akangoja kelele zipungue, akasema tena. Alimtazama Tabita katikati ya watu waliosimama. Tabita hakuwa akipiga makofi. Tabasamu lake lilibaki usoni kitambo kidogo, kama mtu aliyesahau kuliondoa, kisha likaondoka, akaketi polepole akishikilia kiti cha mbele yake.

Ikram akakirudisha kipaza sauti.

Kura zilipohesabiwa alishinda vizuri. Wauza mchele walianza kuimba, wakimkimbilia kutoka pande zote, lakini Tabita, aliyekuwa karibu, alifika kwanza. Alimpa mkono.

"Hongera, mwenyekiti."

"Dada, nilitaka nikueleze..."

"Nimekusikia. Umesema, nimesikia." Hakupandisha sauti. "Kura yangu nilikwisha kukuahidi, nimekupa. Mimi nikimwahidi mtu, basi. Ila ukifika huko kwenye baraza la madiwani, sisi usitusemee. Nitakuja mwenyewe."

Ikram alifungua kinywa, lakini akina mama walikuwa wamekwisha kufika. Walimshika miguu na kiuno, wakamnyanyua begani, wakamzungusha ukumbini wakiliimba jina lake. Kutoka pale juu alimwona Tabita akielekea mlangoni, akichechemea, akiomba njia kwa kila mtu, na kila mtu akimpisha.