Mshono Chini ya Plasta

Donda lilikuwa na umri wa miaka tisa, na mke wa fundi alikuwa amelichoka kuliko mwenye mguu.

"Eti donda ndugu," alisema, akimsaidia mumewe kupanda kitandani. "Ndugu gani huyu? Miaka tisa yuko kwangu, anakula, ananilowesha mashuka, wala haagi!"

Fundi hakucheka. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa sitini na ushei, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji toka vidoleni mpaka chini ya goti. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nisamehe, sista," alimwambia muuguzi. "Nimekwenda kwa daktari wa upasuaji, nimeomba mwenyewe. Wakate mguu, yaishe. Kanipa miadi, Jumanne ya wiki ya tatu kutoka leo. Silali kwa maumivu. Wateja nao wanasimama mlangoni, wanapimwa nguo huku wameziba pua."

Muuguzi alipokea karatasi, akaisoma, akamrudishia. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, na wagonjwa walimwita Mama Rula, kwa kuwa hakuna kidonda kilichotoka mle bila kupimwa. Kila wiki alitandika nailoni safi juu ya donda, akafuata ukingo wake kwa kalamu, kisha akaiweka nailoni juu ya karatasi ya viboksi na kuhesabu. Alikuwa na wagonjwa thelathini kwenye utafiti wake, wote kwa wiki nane sasa wakifungwa bandeji ya kubana kwa mtindo mmoja. Ishirini na tisa viboksi vyao vilikuwa vinapungua. Vya namba kumi na saba, yaani fundi, vilikuwa vinaongezeka.

Mkubwa wake wa kazi alikuwa ameshamshauri: "Mtoe huyo. Anakuharibia hesabu." Alikataa. Mtu akikataa kupona ndiye wa kuulizwa, siye wa kufutwa. Lakini alikuwa ameuliza mpaka maswali yamemwishia. Sukari alipima, haipo. Damu kushuka mguuni alisikiliza kwa kile chombo chake kinachovuma, inashuka vizuri. Usaha ulikwenda maabara, ukarudi hauna neno. Usiku uliopita alikuwa amejiambia kwamba labda bandeji yenyewe ndiyo inayomla mzee wa watu.

Akachukua mkasi. Plasta ya mwisho wa bandeji ilikuwa yake, aliibandika mwenyewe wiki iliyopita. Akaibandua, na mkono ukasimama hewani.

Chini ya plasta palikuwa na mshono. Nukta saba ndogo, uzi mweupe, zimenyooka kama zimepigwa rula.

Akaangalia tena bandeji yote. Kila mzunguko ulikuwa umelala juu ya mwenzake sawasawa, hakuna uliopanda wala ulioshuka. Yeye, pamoja na miaka yote ya kazi, hakuwahi kufunga bandeji ikapendeza hivyo.

"Fundi. Hii nini?"

Fundi akatazama dari.

"Sema," mkewe akamwambia. "Ama niseme mimi."

"Usinielewe vibaya, sista. Kwenye vidonda wewe ndiye mtaalamu, sibishi. Lakini kwenye kitambaa..." Akakohoa. "Unakivuta mno, mwanangu. Kitambaa hakivutwi. Ukikivuta, kesho kimejikunja. Basi nikifika nyumbani nakifungua, nakipanga upya, polepole. Kinalala vizuri."

"Kila wiki?"

"Kila wiki," mkewe akajibu. "Na mimi ndiye namtungia uzi kwenye sindano. Plasta tunaibandua kwa mvuke wa birika ili isichanike, sista asijisikie vibaya."

Muuguzi alivuta kiti, akakaa. Alijua anapaswa kukasirika. Badala yake alihisi mabega yameshuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Kisha kicheko kikamtoka, na machozi nyuma yake. Haikuwa bandeji. Bandeji ilikuwa haijawahi kufanya kazi kwenye mguu huu hata siku moja! Na kosa lilikuwa la wawili: alimwambia mzee asifungue, lakini kwa nini asifungue hakumwambia.

"Fundi, sketi ya mpira kiunoni. Ule mpira unaushonaje?"

"Unauvuta huku unashona."

"Usipouvuta?"

"Sketi itamwacha mwenyewe sokoni."

"Basi hii siyo kitambaa. Hii ni mpira. Damu ikishuka mguuni kwako inashindwa kupanda tena, maji yanajaa kifundoni, na ngozi iliyolowa haifungi. Lazima ibanwe irudi juu. Kifundoni kaza, ukipanda gotini legeza."

Fundi akajipiga paja. "Mpira! Wiki nane nimeuvisha mguu sketi isiyo na mpira!"

"Tena mguu wako mwenyewe," mkewe akasema.

Muuguzi alipima: viboksi hamsini na nane. Akamfunga, safari hii kwa mikono minne, fundi akishika na kuuliza kila mzunguko uvutwe kiasi gani. Kwenye daftari la utafiti akaandika yote, mshono na mvuke wa birika, na mstari mmoja wa kwake: *Mgonjwa hakuelezwa sababu.*

Siku moja kabla ya miadi, fundi na mkewe walirudi tena, kama kila wiki. Plasta ilikuwa ya muuguzi, na chini yake hapakuwa na uzi. Nailoni ikatandikwa, kalamu ikazunguka. Muuguzi alihesabu mara mbili.

"Thelathini na tisa."

Pembezoni palikuwa na ngozi mpya, nyembamba, inang'aa.

"Nipe ile karatasi," alisema, simu ikiwa tayari mkononi, "niwaambie huko upasuaji wasikungoje."

Fundi alipapasa mfuko wa shati. Alichotoa kilikuwa kipande chenye umbo la mwezi mchanga, kimechorwa chaki kandokando, na nusu ya tarehe ya miadi bado ikisomeka.

"Nilikosa karatasi ngumu," alisema. "Nikaikata kipimo cha kola."

"Lini? Si nimekupima sasa hivi!"

"Jumapili. Niliamka jua limeshatoka, nikajua."

"Alikoroma," mkewe akasema. "Miaka tisa sijasikia mtu huyu akikoroma. Sasa, sista, mimi ndiye silali. Una bandeji ya hiyo?"