Ufunguo Uliofuliwa na Kanzu

Jescah, jirani wa upande wa pili wa ua pale mtaani Shieywe, anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema ilikuwa jioni, jua bado liko, yeye anaanua nguo, akamwona Wanzala, dereva wa Mzee Abdulfatah muuza vitambaa, amesimama nje ya geti mkono mfukoni. Anasema Wanzala alibonyeza kitu humo mfukoni na gari la Mzee, lililokuwa ndani ya boma, likamwitikia: taa zikapepesa mara mbili na milango ikalia klak. Halafu, kwa maelezo ya Jescah, ikaja bodaboda iliyozimwa injini, inasukumwa kama baiskeli, na mabunda mawili ya vitambaa yakatoka kwenye gari kama yameota miguu.

Kila akisimulia, bodaboda zinaongezeka. Wiki ya kwanza ilikuwa moja. Kufikia wiki ya tatu zilikuwa mbili, na mwendeshaji mmoja alishakuwa na kovu shavuni.

"Mimi umbea huwanga sipendi," humalizia hivyo kila mara. "Lakini nikiona, nimeona."

Sumayya alimsikia kwa mara ya kwanza akiwa huku upande wake wa ua, anasugua sufuria kwa jivu. Hakuinua kichwa. Katika maneno yote yale, mawili tu yalikuwa ya kweli. Wanzala alisimama pale getini, ndiyo, akimngoja mtu wa kwao wapande pamoja kwenda Navakholo. Na taa za gari zilipepesa. Ila hazikupepeswa na Wanzala. Saa ile Sumayya alikuwa sebuleni anapanga vikombe, na ufunguo wa Mzee ulikuwa kwenye msumari wake kando ya saa ya ukutani. Hakuna aliyeugusa. Kitaa chake chekundu kilikuwa kinawaka na kuzima chenyewe, na kila kilipowaka, gari huko nje lilifunguka.

Aliona, akautoa msumarini, akaufuta kwa leso, akaurudisha. Akaendelea na vikombe. Asubuhi mabunda hayakuwepo.

Sumayya alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Mzee, kutoka Matungu. Alipomaliza darasa la nane, baba hayupo na mama hana mbele wala nyuma, Mzee alikuja mwenyewe kumchukua. "Utakaa na Mama yako Mkubwa, umsaidie kazi," alimwambia, "na ukitulia nitakupeleka ukajifunze cherehani." Sumayya akatulia. Miaka minne alitulia hadi watu wakasahau kwamba yuko chumbani. Alikuwa wa kuangalia. Alijua nani ndani ya nyumba ile anaweka sukari ngapi, kigae kipi kinavuja mvua ikija na upepo wa alasiri, na alijua Wanzala huimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini akiliosha gari la Mwislamu, kwa heshima.

Wanzala alimwita Mwalimu.

"Mwalimu, leo umenipima nini?"

"Kiatu cha kushoto umefunga kamba vibaya."

"Ai! Hata Mzee hajaona."

"Mzee haangalii chini."

Wakacheka. Ndivyo walivyokuwa. Wanzala ndiye mtu pekee pale nyumbani aliyemwuliza swali na kungoja jibu.

Sasa, habari ya ufunguo.

Gari lilikuwa na funguo mbili za kubonyeza. Mmoja wa Mzee, ule wa msumarini. Wa pili alikaa nao Wanzala, kwa idhini, kwa sababu siku za soko la Butere alikuwa anakuja alfajiri kupakia vitambaa, Mzee yuko kwenye swala. Ijumaa ndiyo siku ambayo Mzee aliendesha mwenyewe kwenda msikitini, amevaa kanzu nyeupe. Akirudi, kanzu inavuliwa, inaingia kwenye beseni. Kanzu za Mzee zilikuwa na sharti: zifuliwe peke yake, kisha zilale kwenye maji ya bluu mpaka ziwe nyeupe za kuumiza macho. Kazi hiyo ilikuwa ya Sumayya, na sharti lake mwenyewe lilikuwa kuingiza mkono mfukoni kwanza. Mifuko ya kanzu ni mirefu, inafika gotini. Alishaokoa humo tasbihi, miwani, hata tende.

Ijumaa moja, miezi miwili kabla ya wizi, alikuwa ameishika kanzu mkononi Mama Mkubwa alipoita, "We Sumayya! Wageni wa Mumias wako mlangoni, chai iko wapi?" Akaitumbukiza kanzu akakimbia. Wageni walikaa. Aliporudi kuisuuza, kitu kizito kikagonga ukingo wa beseni.

Ufunguo ulikuwa umelala kwenye bluu karibu saa mbili.

Aliukung'uta, akaukausha kwa leso, akauweka dirishani juani. Mikono yake ilikuwa ya bluu. Magharibi alipoubonyeza, gari likaitika. Alhamdulillahi. Akauning'iniza msumarini na hakumwambia mtu. Kulikuwa na nini cha kusema, na gari limeitika? Na Mzee alikuwa ametaja Januari. Januari ataanza cherehani.

Baada ya mabunda kupotea, Mzee hakumfukuza Wanzala palepale. Hakuwa mtu wa pupa. Alimwambia akae kwao Navakholo kidogo, ataitwa. Lakini maneno ya Jescah yalikuwa yanaingia kwa geti kila siku, na ufunguo wa Mzee ukazidi wazimu. Mara haufungui, mara gari linalia lenyewe mchana kutwa. Mwisho Mzee akasema, "Huyo kijana ameuchezea hata huu wangu." Akamtuma Sumayya kwa Osiako, fundi wa funguo karibu na soko.

Kibanda cha Osiako kilikuwa na upana wa mlango, ukuta mzima funguo. Alichukua ule wa Mzee, akaingiza bisibisi nyembamba pembeni, akaupasua katikati kama njugu. Akaangalia. Akainamisha taa. Akaangalia tena.

"Dada, hii imeingia maji."

Sumayya akainama kuangalia.

"Si maji ya mvua, hapana. Ona hapa kwa bati, imekula kutu, ndiyo maana inajibonyezanga yenyewe. Na hii rangi?" Alikwangua kwa ncha ya bisibisi, akamwonyesha. Kwenye kona, chini ya betri, kulikuwa na unga mkavu wa bluu. "Kwenu nani anavaa kanzu?"

"Baba Mkubwa."

"Na nani anafua?"

Nje mtu alikuwa ananadi nyanya. Sumayya aliangalia kidole cha Osiako, kimechafuka kidogo, rangi ileile.

"Usimwambie," alisema.

Osiako alifuta kidole kwenye suruali. "Mimi natengeneza funguo, dada. Nyumba za watu siwezi." Akaufunga ufunguo, akamrudishia. "Huu umekufa. Nitakuja alasiri na mashine, kwa sababu lazima niunganishe na gari lenyewe. Lakini sikia vizuri umwambie mzee: funguo zote za hilo gari ziwe hapo. Mashine inaandika upya. Ule ambao haupo, gari litausahau. Utaingia kwa tundu, utazunguka, lakini injini haitawaka. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Basi uko na mpaka alasiri," alisema Osiako, na hakuwa anaongea habari za mashine.

Sumayya alirudi kwa miguu, ingawa alikuwa amepewa nauli. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Baba Mkubwa, ni mimi. Baba Mkubwa, ile Ijumaa ya wageni. Alipofika, Mzee alikuwa barazani anasoma gazeti, na maneno yaliyotoka yalikuwa ya Osiako tu, yote, bila kuacha hata moja.

Mzee alikunja gazeti. "Kumbe! Usipokuwepo unasahaulika?"

"Ndivyo alivyosema."

"Vizuri sana. Wa Wanzala na usahaulike."

Kwa hiyo Sumayya alichofanya ni kumpa Mzee njia ya kumfuta Wanzala. Aliliona hilo akiwa amesimama palepale, na bado hakusema.

Alasiri Osiako alikuja na begi mgongoni. Mawingu yalikuwa yameshafungana, ngurumo iko upande wa msitu. Alifungua mlango wa dereva, akapiga magoti, akachomeka waya chini ya usukani, mashine yake ikawaka mapajani. Mama Mkubwa akatoka, Jescah akasogea uani upande wake na beseni ambalo halikuwa na nguo. Sumayya alileta sinia ya chai.

Ndipo geti likagongwa, na Wanzala akaingia. Nani aliyempasha habari, haikujulikana. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Alisimama mbali na gari, kama mtu aliyekuja kwa wagonjwa.

"Salama aleko, Mzee."

"Aleikum salaam."

"Nimesikia mnaandikisha funguo. Nimeleta hii yangu." Aliinyoosha kwa mikono miwili. "Mimi si mwizi, Mzee. Nimekula obusuma, huu ugali wenu, miaka sita. Kama mnaniacha, mniache. Lakini msifute hii kwa ajili ya wizi. Hiyo watu watasema mpaka kwetu."

"Watu wameshasema," alisema Mzee.

"Wameshaona!" sauti ya Jescah ikatoka uani.

"Dada Jescah, wewe endelea kufua hewa," Wanzala alisema, na Mama Mkubwa akakaribia kucheka.

Osiako alikuwa ameweka kidole juu ya mashine. "Mzee, niuongeze huo wake, au nifute?"

Halafu akageuza shingo, akamwangalia Sumayya. Hakumkonyeza, hakumwashiria. Alingoja tu, jinsi mtu anavyongoja mwenzake atangulie mlangoni.

Sumayya alikuwa ameshika sinia. Vikombe vilikuwa vinne, na hakuna aliyekuwa ameanza kunywa. Aliwaza Januari. Aliwaza mama yake Matungu akimwona anashuka na begi. Aliwaza: Wanzala ni mwanaume, ana leseni, atapata gari jingine. Hilo la mwisho ndilo lililomfunga mdomo, na ndilo analolikumbuka kwa aibu kuliko yote.

Chai ikapoa. Mzee akasema, "Futa."

Mashine ikalia mara moja. Osiako akauingiza ufunguo mpya, akahesabu kimoyomoyo, akautoa, akauingiza tena. Injini ikawaka vizuri kabisa. Akauzima. Wanzala aliuelekeza wake kwenye gari, akabonyeza. Akabonyeza tena. Gari lilikaa kimya na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kupiga paa lake.

"Haya," alisema. "Hata yeye amenikataa." Akamgeukia Sumayya, akajaribu kutabasamu. "Kwaheri, Mwalimu. Leo kamba nimefunga sawa?"

Kamba zilikuwa sawa. Hata hilo hakumjibu.

Januari ilifika na Sumayya akaanza cherehani. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Mkono wake ulikuwa mtulivu na jicho lake halikosi mshono. Mzee alimsifu mbele ya wageni. Kila alipomsifu, Sumayya alitamani mtu aliguse lile beseni la kanzu liangukie sakafu, lipige kelele. Siku moja alimweleza Mama Mkubwa, yote, kuanzia wageni wa Mumias. Mama Mkubwa akazungusha bangili mkononi.

"Baba yako Mkubwa alimfuta mtu mbele ya jirani," alisema. "Sasa unataka aende akajifute mwenyewe? Acha. Limeshakwenda."

Halikwenda. Jumamosi moja ya Machi, Sumayya aliaga anakwenda kununua uzi, akapanda pikipiki hadi Navakholo. Njia ilikuwa ya vumbi jekundu, mahindi machanga huku na huku. Alimkuta Wanzala nyuma ya nyumba, anafunga mzigo wa miwa kwenye baiskeli ya kuazima. Alikuwa amekonda. Kumbe kila alipoomba kazi ya udereva, waliuliza kwa nini aliacha Shieywe, na walikuwa wameshasikia. Bodaboda za Jescah zilifika huko kabla yake.

Binti wa Wanzala, Mitchel, wa miaka minne, alikuwa amekaa mlangoni na ule ufunguo uliofutwa. Alikuwa anaubonyeza akiuelekeza kwa kuku. "Fungua!" anamwambia kuku. "Fungua!"

Sumayya hakungoja kukaribishwa kiti. Alisema akiwa amesimama, haraka, kwa sababu aliogopa akikaa atanyamaza tena. Kanzu. Bluu. Kitaa chekundu kwenye msumari. Osiako na kidole chake. Sinia ya chai. "Nilijua, Kaka Wanzala. Ukiwa umesimama pale kwa mvua, nilikuwa najua."

Wanzala aliendelea kuvuta kamba. Aliizungusha kwenye miwa, akaikaza kwa goti, akafunga fundo, akalifungua, akalifunga upya.

"Twende wote," Sumayya alisema. "Leo hii. Nitasema mbele ya Baba Mkubwa, nimwite na Jescah asikie. Osiako atashuhudia. Akinirudisha Matungu, anirudishe. Wewe njoo tu, usimame hapo ninaposema. Utakuja?"

Mitchel alimnyooshea baba yake ufunguo. Wanzala aliuchukua, akaupangusa vumbi kwa shati, akauangalia upande huu na upande huu, kisha akamrudishia mtoto.

"Kaka Wanzala. Utakuja?"

Alishika usukani wa baiskeli, akaupiga teke mguu wake wa kusimamia, na akaanza kuisukuma miwa kuelekea barabarani, upande usiokwenda Shieywe.