Msichana wa Kitabuni Anayekohoa

Kikohozi kilipenya ukuta, mguu wangu ukaganda juu ya pedali ya cherehani. Kabla sijaita, binti yangu alinitangulia kusema, kutoka chumbani.

"Ni kitabu, mama! Nafanya mazoezi."

Kidato cha tatu walikuwa wakisoma riwaya ya Kiingereza, ya zamani, iliyochakaa mpaka jalada limeshikizwa kwa karatasi ya gundi. Mwalimu aliwagawia wahusika ili kila mmoja asome maneno ya mtu wake kwa sauti. Binti yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Chiriku kwa kutofunga mdomo, aliniambia amepewa msichana mgonjwa wa kifua. Mimi nilikomea shule ya msingi. Kiingereza changu hakivuki salamu. Kitabu kile nilikijua kwa vipande alivyonimegea yeye jioni, akimenya viazi huku mimi nikishona.

"Anakohoa kwenye kitambaa," alisimulia, "halafu anakificha chini ya godoro."

"Mama yake hajui?"

"Hajui. Ana kazi nyingi."

"Mama gani huyo asiye na masikio?"

Tukacheka. Kicheko chake kikageuka kikohozi, akainama juu ya beseni mpaka mabega yakatikisika. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa maji.

"Umeona? Nimezoea mpaka najisahau."

Mimi si mgeni wa sauti ile. Marehemu mume wangu alikuja nayo kutoka kwenye ujenzi, akasema ni vumbi la saruji, litatoka. Aliyetoka ni yeye. Basi kila binti yangu alipokohoa, nilijikaza: ni kitabu tu, mwanamke, tulia. Lakini baada ya sala nilibaki nimepiga magoti, macho nimefumba, sikio nimelitega ukutani. Sijui Mungu aliipokeaje sala ya namna hiyo.

Jumamosi mwalimu wao wa Kiingereza alikuja kupima sketi yake. Nilimsimamisha katikati ya chumba, nikachuchumaa kuweka alama za pindo, pini zangu nimezibana midomoni.

"Taratibu, mama Chiriku. Ukinichoma, nani atasahihisha mitihani?"

"Simama wima basi, mwalimu. Unayumba kama kamba ya nguo." Nikachomeka pini nyingine. "Hivi yule msichana wenu anakufa lini? Nimechoka kumsubiri."

"Msichana yupi?"

"Wa kitabuni. Huyo anayekohoa."

Akacheka, kisha akainama kuniangalia. "Kitabu chetu kina ndugu wawili wanaogombania kinu cha kusagia nafaka. Mmoja anazama mtoni, mwingine anafungwa. Hakuna anayekohoa, mama. Binti yako anasoma maneno ya hakimu."

"Hakimu?"

"Hakimu. Tena siku hizi sauti yake haifiki hata dawati la pili. Nilidhani anaona haya."

Nilizitoa pini mdomoni moja moja, kwa kuogopa kuzimeza.

Alipoondoka niliingia chumbani na kuinua godoro. Vilikuwepo vitambaa vidogo, mabaki ya kikapu changu mwenyewe, vya maua, vya mistari, vimekunjwa kwa adabu. Nilikunjua kimoja. Kilikuwa na madoa ya damu, na madoa kama hayo nilishawahi kuyafua, ya baba yake.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, ndoo ya maji mkononi. Hakuiweka chini.

"Yule msichana," nikasema, "kwa nini hakumwambia mama yake?"

Alinyamaza. Chiriku wangu alinyamaza.

"Baba alienda hospitali," akasema mwishowe, "hakurudi."

"Baba yako alienda amebebwa. Wewe utaenda kwa miguu yako. Vaa viatu."

Sauti yangu ilitoka kavu, imara, sijui niliikopa wapi. Nikajitanda khanga.

Hospitalini muuguzi alimpa kopo dogo lenye kifuniko. "Nenda nyuma ya jengo, penye upepo. Vuta pumzi ndefu, ukohoe kutoka chini kabisa. Sitaki mate, mwanangu. Nataka makohozi."

Akaenda, kopo amelishika kwa vidole viwili. Mimi nilibaki kwenye benchi, chini ya dirisha la nyuma lililo wazi. Kimya. Nje kuna mtu aliburuta kiti. Kisha kikaja kikohozi kidogo, cha kubanwa, cha mtu anayechelea kuwaamsha wengine.

"Hicho hakitoshi," nikanong'ona.

Nikaegemea dirisha. Nilikuwa nimemwomba Mungu usiku na mchana nisiisikie tena sauti ile. Sasa nilishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, nikimsihi binti yangu akohoe, akohoe kwa nguvu, akohoe nimsikie.