Tangazo la Baba Mdogo

Majirani walimwita Mama Vifungo. Alikuwa mshonaji wa miaka sitini na mmoja, na hakuweza kumwona mtu ana kifungo kilicholegea akanyamaza. Angekusimamisha hata barabarani, sindano ikiwa tayari mkononi.

Alilelewa na baba peke yake. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza hata kutembea, na baba, mwoka mikate, akawa ndiye baba ndiye mama. Kila alipomuuliza kuhusu ndugu zake, jibu lilikuwa lile lile: "Sisi ni wawili tu, mwanangu. Wawili tunatosha." Kisha huligeukia tanuri na kuanza kupiga mluzi. Mpaka anaaga dunia, hakuongeza neno.

Miaka tisa baadaye, bintiye Mama Vifungo akapata ujauzito wa mapacha. Nesi wa kliniki, kalamu mkononi, akauliza kama kwao kuna mapacha wengine. Binti akamtazama mama yake. Mama Vifungo akautazama ukuta.

"Mama, nenda maktaba ukawatafute ndugu za babu," binti alimwambia walipotoka. "Kuna kompyuta za bure, na magazeti ya zamani yameingizwa humo."

"Mimi na kompyuta wapi na wapi?"

Lakini Jumatatu alikwenda. Maktaba ilikuwa juu ya ofisi ya posta. Palikuwa na kompyuta sita zilizopangwa dirishani, na daftari la kujiandikisha lililofungiwa kalamu kwa uzi, maana kalamu zilikuwa na miguu. Kila mtu alipewa saa moja. Msimamizi alikuwa mwanamume mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na kwa jinsi alivyozoea kuwanyamazisha watu, wasomaji walimwita Bwana Kimya.

"Kishike kipanya, mama, ukisogeze taratibu," alimwelekeza.

"Panya nimewaua wengi, baba. Kumshika mmoja kwa upole ndiyo kwanza leo."

Bwana Kimya aliangua kicheko mpaka msomaji mmoja akamgeukia na kumwambia, "Shii!"

Siku ile Mama Vifungo alijifunza kuandika jina la baba yake kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama anayetafuta pini iliyoanguka sakafuni. Kompyuta ilimletea mchezaji mpira, diwani mmoja, na mwizi wa baiskeli. Alimkagua sana yule mwizi, kisha akashusha pumzi: hakuwa yeye. Jumatatu ya pili hakupata kitu, na ya tatu vilevile. Ya nne aliamka hana hamu, akaenda tu kwa kuwa alikwisha kujiandikisha.

Bwana Kimya alivuta kiti akakaa kando yake.

"Hebu mama, baba yako mwenyewe alilitamkaje jina lake?"

Akalitamka kama alivyolisikia utotoni. Msimamizi akavaa miwani.

"Hapa umeandika R. Lakini mdomoni umesema L."

"Kwetu R na L tulitumia yoyote iliyokuwa karibu."

"Basi karani aliyemwandikia kitambulisho alijichagulia moja. Tujaribu ile nyingine."

Likaja jibu moja tu: tangazo dogo la gazetini, la miaka thelathini na saba nyuma. Bwana Kimya alilikuza mpaka likajaa kiooni. Juu kabisa palikuwa na jina la baba yake, kwa L. Mama Vifungo akasoma yaliyofuata, midomo ikicheza.

Namtafuta kaka yangu aliyeondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa. Ana kovu juu ya jicho la kushoto na hupiga mluzi akifanya kazi. Baba amefariki, na kabla ya kufa alimsamehe. Mama bado anamwekea sahani. Kaka, rudi nyumbani. Ni mimi, mdogo wako wa kiume.

Chini yake palikuwa na namba ya sanduku la posta la mji mwingine.

Lile kovu alilijua. Akiwa mdogo alikuwa akilifuata kwa kidole baba anaposinzia. Aliweka mikono mapajani, machozi yakidondokea khanga. Baba alikuwa akifungia mikate kwa magazeti makuukuu, rundo baada ya rundo. Huenda ukurasa ule ulipita mikononi mwake, ukazungushiwa mkate, ukaenda zake.

Saa yake ilikuwa imekwisha na mwanafunzi alikuwa akisubiri kiti. Bwana Kimya alimnong'oneza yule mwanafunzi kitu, naye akarudi kwenye benchi bila kinyongo. Kisha msimamizi akaleta karatasi.

"Andika barua, mama. Posta iko hapa hapa chini."

"Miaka thelathini na saba! Nani atakuwa bado anafungua sanduku hilo?"

"Sijui. Lakini kuandika tunaweza."

Aliandika, na mwishoni akaweka namba yake ya simu. Wiki tatu zilipita. Siku moja, akiwa anapinda sketi ya shule, simu ikaita. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito kidogo.

"Shikamoo, dada."

Mama Vifungo aliusimamisha mguu kwenye cherehani. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wakimwamkia, lakini hakuna mtu aliyewahi kumwamkia kwa kuwa ni mdogo wake.

"Marahaba," alijibu. "Wewe ni mtoto wa baba mdogo?"

"Ndimi. Baba alitutoka miaka sita iliyopita. Alituambia sanduku lile tusilifunge, kaka yake anaweza kuandika. Nimekuwa nikilifungua kila Ijumaa, dada. Nilishazoea kukuta bili za maji tu."

Wakalia, wakacheka, wakalia tena. Ndipo Mama Vifungo alipojua kwamba babu yao alimfukuza mwanawe kwa hasira ya siku moja, akamwambia asirudi, naye akalishika neno lile maisha yake yote. Akajua pia kwamba shangazi zao wawili walikuwa mapacha, na mmoja yu hai, anagombana na kila mtu.

Mwezi uliofuata mdogo wake alikuja kwa basi, na picha ndani ya bahasha. Kabla ya kumpeleka nyumbani, Mama Vifungo alimpandisha ngazi za maktaba.

"Huyu ndiye aliyetukutanisha," alisema.

"Mimi nilibadilisha herufi moja tu, mama," alijibu Bwana Kimya, akijishughulisha kufuta miwani iliyokuwa safi.

"Mungu akuweke, baba. Akuweke sana."

Mdogo wake akaitoa picha na kuilaza juu ya meza. Vijana wawili walikuwa wamesimama mlangoni pa nyumba, mkubwa akiwa ameuweka mkono begani mwa mdogo. Bwana Kimya alifungua mashine ya kunakili, akaiweka picha kwa uangalifu, na kuwatolea nakala nne: moja ya Mama Vifungo, mbili za mapacha watakaozaliwa, na ya nne ya shangazi.