Grafu Kichwa Chini

Mimi sina subira, waulize watu wa Mbinga. Lakini siku ile kule kijijini kwetu Ruanda nilijikaza, nikatabasamu, nikabandika grafu yangu kwenye ukuta wa darasa. Nilikuwa karani wa mradi wa hifadhi ya udongo, na kompyuta ya ofisi nilikuwa naitumia mimi. Nguzo mbili tu: fupi ni udongo uliobebwa na mvua kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, ndefu ni uliobebwa kwenye matuta.

Baba mdogo Wendelin akasimama, uso unang'aa.

"Si mnaona wenyewe? Matuta yamejaa udongo hivi! Ngolo hata magotini haifiki!"

Watu wakapiga makofi. Jamani! Walidhani nguzo ni udongo uliolundikana shambani.

Nilitaka kulia kwa hasira. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua kahawa, baba mdogo alikuwa wakala wao, mbio huku na huku, hana muda wa kuchimba ngolo. Mwaka uliopita alijaribu matuta kwenye kipande kimoja, mvua ikashusha udongo hadi kwenye kahawa ya mama yangu, Tadea, shamba la chini yake. Sasa anataka mteremko mzima uwe matuta. Kahawa ikifukiwa yote, mama angeishi kwa nini?

"Si umwambie," nilimwambia mama.

"Nikisema mimi utakuwa ugomvi wa ukoo. Chora tena, mwanangu."

Haya. Kwenye programu ya mahesabu sikujua namna ya kuzipindua nguzo, basi nikanakili grafu nzima, nikaibandika kwenye programu ya kuchorea, nikaigeuza juu chini. Mungu wangu! Maneno nayo yakageuka, "matuta" miguu juu. Kumbe grafu ilikuwa imeingia kama picha moja iliyoshikana. Nikafuta, nikabandika kwa njia nyingine, nikaivunja vipande: nguzo kando, maneno kando. Nguzo nikazishusha chini, maneno nikayaacha wima. Mstari wa juu nikaupaka kijani, uwe uso wa shamba. Vipimo sikugusa hata kimoja.

Jumapili baada ya misa tukakutana tena darasani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Alikuwa ameshaisogelea karatasi, kofia mkononi. "Hili shimo refu ni la nini?"

"Ni udongo uliotoka kwenye matuta."

"Wote huu?"

"Wote."

Akalifuata shimo kwa kidole hadi chini.

"Sasa umekwenda wapi?"

Aliniuliza mimi, lakini mama ndiye aliyeinuka kwenye benchi la wanawake.

"Uko kwangu, shemeji. Njoo na jembe uutoe, kahawa yangu inakufa."

Baba mdogo alikaa chini. Kesho yake asubuhi nilimkuta kwa mama, ameinama, anafukua miche ya kahawa kwa mikono. Nililia, na sikujificha.