Watoto wa Yonasi na Daraja la Minago

Mwalimu Yonasi alipowaleta watoto wa darasa la tano na kamba zao kupima daraja la Minago, nilijua kuna jambo. Mimi sikuzaliwa jana. Parseli yetu, kiwanja na nyumba yake, inagusana na daraja. Anayepima daraja leo, kesho anapima ukuta wangu.

Yonasi mwenyewe kazaliwa Tanzania, kwenye kambi ya waliokimbia mauaji ya huku kwetu, karudi juzijuzi. Kiswahili kimenyooka kama cha redio, mpole, anaamkia kila mtu. Upole wa namna hiyo mimi unanitia wasiwasi. Na jirani yangu Radjabu, fundi baiskeli, akazidi kunichochea: "Mama Sikujua, waliorudi hawaulizi kitu bure! Kuna mtu kule Gatete alianza kwa kuulizwa habari za michikichi. Leo wenyewe wamerudishiwa shamba, yeye iko anapanga chumba."

Usingizi ukaniruka. Nyumba hii nimezalia wanangu wote, na mume wangu alitolewa humu kwenda kuzikwa. Nikifukuzwa niende wapi, ziwani?

Kesho yake nilikuwa nachujia mawese kwenye sufuria nzito, ya tangu enzi za baba mkwe. Watoto wakanisogelea, mjukuu wangu Aliya mbele yao. Walikuwa wamesoma kitabuni habari za madaraja ya nchi za mbali, sasa wametumwa kuchunguza la kwetu na kuliandika.

"Nyanya, kabla ya daraja watu walivuka vipi?"

"Nani kakutuma?"

"Mwalimu. Anataka tuulize wazee mambo ya zamani."

Ya zamani! Ndiyo hayo hayo niliyoyaogopa. "Mwambieni mwalimu wenu nyumba ni yetu! Baba mkwe aliikuta tupu mwaka wa sabini na mbili, wenyewe wamekimbia, hata sufuria wameiacha juu ya mafiga. Hatukumfukuza mtu sisi! Haya, tokeni hapa!"

Wakatimua mbio.

Ijumaa wazazi tukaitwa shuleni kusikiliza kazi za watoto. Nikawahi, nikakaa mbele kabisa, macho kwa Yonasi tu. Mtoto wa kwanza akasoma habari za nguzo. Mwingine akasoma mafuriko yalivyokula kingo za mto. Parseli haikutajwa, wala mipaka. Yonasi anacheka nao, anawasahihisha. Nikaanza kuona aibu. Maskini, kijana wa watu anafundisha madaraja tu, nami nimemchukia bure!

Aliya akasimama, akanitazama kwa fahari, akasoma:

"Habari za kuvuka nyanya hakutuambia. Lakini alisema nyumba ya darajani waliikuta tupu mwaka wa sabini na mbili. Wenyewe walikimbia, wakaacha sufuria juu ya mafiga."

Yarabi! Nilitamani ardhi inimeze. Yonasi akaweka chaki mezani.

"Mama Sikujua," akasema polepole, "baba yangu alikimbia akiwa mdogo. Alikumbuka daraja, lakini hakujua ni daraja lipi la pwani hii ya ziwa. Mimi nilishaacha kutafuta." Akanisogelea. "Alikumbuka pia kwamba mama yake alikuwa ameinjika maharage. Hiyo sufuria, mama, ilikuwaje?"

Nikajifanya naokota kandambili yangu. Aliya akanyoosha mkono juu, kwa furaha ya mtoto anayejua jibu.

"Bado ipo, mwalimu! Nyanya anachujia mawese."